Sauti Inapofunikwa na Kelele

Tongoni ni kijiji cha wavuvi kilichoko kusini ya mji wa Tanga, kando ya njia iendayo Pangani. Wageni hukijua kwa magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Lakini kwa baharia jambo kubwa zaidi ni mafungu yaliyo baharini. Mwaka 1498 São Rafael, moja ya meli za Vasco da Gama, ilikwama katika pwani hiyo. Katika maji ya namna hiyo, mtu aliyeko omo akiona mwamba humwonya nahodha aliyeko tezi. Chombo kikiwa kinakwenda kwa mashine, huenda nahodha asilipate neno, ingawa masikio yake ni mazima na mita chache tu zinawatenga. Kwa nini?

Kwanza, kusikia hakutegemei ukubwa wa sauti peke yake, bali tofauti baina ya sauti inayotakiwa na kelele iliyoizunguka. Tofauti hiyo hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono husikika vyema usiku wa manane, hali ukelele huweza kupotea sokoni.

Pili, sababu imo ndani ya sikio. Mitetemo ya hewa hugonga kiwambo cha sikio, hupitishwa na vifupa vitatu, kisha huingia katika koklea, yaani mfereji uliojiviringa mfano wa nyumba ya konokono. Ndani yake umetandazwa utando mrefu. Sauti nyembamba, zenye mitetemo mingi kwa sekunde, hutikisa zaidi mwanzo wa utando. Sauti nene hutikisa zaidi mwisho wake. Georg von Békésy alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuuchunguza mwendo huo.

Kwa mpango huu, kelele hufunika zaidi sauti zinazotikisa sehemu ile ile ya utando. Aidha, wimbi la sauti nene hupitia mwanzo wa utando kabla ya kufika mwisho. Kwa hiyo ngurumo kubwa ya mashine huweza kufunika hata sauti zilizo nyembamba kuliko yenyewe. Katika usemi, konsonanti kama p, t, k na s ni dhaifu kuliko irabu, nazo hupotea mapema. Hapo "pita" na "sita" huweza kusikika kama neno moja.

Masikio mawili husaidia. Sauti itokayo ubavuni hulifikia sikio la karibu mapema, kwa muda upatao 0.0007 ya sekunde, na kichwa hulikinga sikio la mbali. Ubongo hutumia tofauti hizo kutenga maneno na kelele. Lakini nahodha aelekeaye omo ana msemaji mbele na mashine nyuma. Kila moja ya sauti hizo huyafikia masikio yote mawili kwa wakati mmoja, na faida hiyo hupotea. Akigeuza kichwa kidogo, sikio moja huelekea kwa msemaji na kukingwa na mashine. Huko ndiko kutega sikio.

Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kuwa mtu akiwa katika kelele hupaza sauti bila kukusudia. Hata hivyo, koo lina kikomo chake. Ni afadhali kupunguza mwendo wa mashine, au kutumia kipenga, kwani sikio ni jepesi sana kwa sauti zenye herzi 2000 hadi 4000. Ishara za mikono zilizokubaliwa kabla ya kutweka hazifunikwi na kelele yoyote.

Darasani, mvua inyeshapo juu ya paa la bati, kelele hutoka kila upande, na kugeuza kichwa husaidia kidogo tu. Mwalimu na awasogelee wanafunzi na kuandika ubaoni yaliyo muhimu.

JARIBIO. Katika uwanja ulio wazi, weka redio inayokoroma bila kituo mita 2 nyuma ya msikilizaji. Msomaji asimame mita 4 mbele yake, asome maneno 20 mafupi, na msikilizaji aandike asikiayo. Rudieni kwa maneno mapya: kichwa kikiwa kimegeuzwa, sikio moja likiwa limezibwa, kisha msomaji akiwa mita 2, ambapo sauti yake huongezeka kwa desibeli 6 hivi.

SWALI. Ni badiliko lipi lililosaidia zaidi, na kwa sababu gani?