Kubeba na Kutuliza: Uzito wa Injini katika Kiswahili cha Gereji

Utangulizi

Mji wa Emali, katika Kaunti ya Makueni mpakani na Kajiado, umekaa njia panda: barabara kuu ya Mombasa na Nairobi hukutana hapo na ile ielekeayo Oloitokitok. Malori yatokayo bandarini hupita usiku na mchana. Katika gereji za mji wa namna hii, Kiswahili ndicho humkutanisha dereva wa pwani, fundi Mkamba na mfugaji Mmaasai. Makala hii inachunguza jinsi uzito wa injini unavyobebwa, kwa nia ya kuonyesha kwamba kitenzi kisichoteuliwa vyema huweza kumpotosha fundi sawa na kinavyompotosha mwanafunzi.

Safari ya Uzito

Injini ya gari dogo huweza kuzidi kilo 100, nayo ya lori kubwa hukaribia tani moja. Uzito huo haukalii springi moja kwa moja. Kwanza, injini hukaa juu ya mauntingi, yaani viegemeo vya chuma na mpira vilivyofungwa kwa bolti. Viegemeo hivi hubeba injini, hupunguza mtetemo wake, na huizuia isijipinde dereva anapokanyaga mafuta.

Pili, mauntingi huukabidhi uzito kwa chesisi. Chesisi ya lori ni vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, mithili ya ngazi iliyolazwa. Katika magari mengi madogo, bodi yenyewe ndiyo hufanya kazi ya chesisi.

Tatu, chesisi hukalia springi: za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka katika malori mengi, au koili katika magari madogo. Springi nazo hukalia ekseli, au mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu. Hatimaye mzigo hufikia hewa iliyomo tairini, na kutoka hapo barabara. Ndiyo maana katika vituo vya mizani, kama kile cha Mariakani, lori hupimwa kwa kuzingatia ekseli zake: huko ndiko uzito wote wa juu huteremkia.

Utata wa Kitenzi ‘Beba’

Katika mnyororo huo shokomzoba haijatajwa, na si kwa kusahauliwa. Neno hili ni zao la utohozi: sauti za Kiingereza zilipokewa, lakini maana ya ‘kifyonza mshtuko’ haionekani tena katika umbo lake. Kwa hiyo ni rahisi mtu kusema, “Shokomzoba zimeshindwa kubeba mzigo.” Kwa hakika, shokomzoba ya kawaida haibebi mzigo wa gari. Mafuta yaliyomo ndani yake husukumwa kupitia vitundu vidogo, hivyo mwendo wa springi ukapungua kasi. Springi hubeba, shokomzoba hutuliza. Utata huzidi katika magari ambayo koili huizungushia shokomzoba, vikaonekana kitu kimoja.

Tofauti hii si ya wanaisimu pekee. Gari linaloinama upande mmoja huelekea kuwa na springi iliyochoka au kuvunjika. Linaloendelea kurukaruka baada ya tuta lina shokomzoba dhaifu, na tairi zake hushindwa kuishika barabara vyema wakati wa kufunga breki. Injini ikigonga gari linapoondoka, mauntingi ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Dereva asemaye “haibebi” kwa dalili zote tatu huweza kulipia kifaa kisicho na kosa, kisha akashuka mteremko na kile kibovu.

Hitimisho

Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo inadai zaidi ya orodha za istilahi. Utohozi umekwisha kulipa gereji majina ya vifaa. Kinachobaki ni kuyaoanisha na vitenzi vinavyoeleza kazi: kubeba, kukalia, kushikilia, kutuliza. Mwanaisimu atakayeketi na fundi kabla ya kuandika fasili atapata kwake vitenzi hivyo, naye fundi atapata fasili anayoweza kuitumia.