Darubini yangu inatikisika: ninunue kubwa zaidi?

SWALI: Nina darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 70 na umbali wa fokasi wa milimita 700. Nikiweka lenzi ya jicho ya milimita 4, sayari ya Mshtarii inatikisika na kuwa ukungu mtupu. Ninunue nyingine? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Usinunue bado. Gawanya 700 kwa 4, unapata ukuzaji wa mara 175. Darubini yako haimudu zaidi ya mara 140 hivi, yaani kipenyo chake mara mbili. Rudi kwenye lenzi ya milimita 10: mara 70 zinatosha kabisa kuona mikanda miwili ya Mshtarii na ile miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Kinachokuangusha hasa ni stendi. Fupisha miguu yake, keti kitini, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati, kisha uisimamishe kwenye udongo, si juu ya saruji iliyochomwa na jua mchana kutwa. Saruji hiyo, pamoja na kuta na mapaa ya majirani, huendelea kutoa joto usiku, na hewa inayopanda huichezesha picha. Itoe darubini nje nusu saa kabla, ipoe, na usubiri sayari ipande juu. Hela ulizotenga, nunulia kwanza stendi nzito.