Binamu Ameicheka Orodha Yangu ya Picha Bora

Shangazi, mimi ni kijana wa Wenje, Tana River, na napenda picha kupita kiasi. Kila Desemba huandika daftarini picha kumi zilizonikuna zaidi mwaka huo. Nyingi huziona kwenye kibanda cha video zikiwa na sauti ya DJ Afro, nyingine hurushiwa na marafiki kwa simu. Juzi niliituma orodha yangu kwenye grupu la familia. Binamu yangu wa Nairobi akacheka. Alisema hakuna hata picha moja iliyotoka mwaka huu, na kwamba mtu ambaye hajaingia jumba la sinema hana la kusema kuhusu picha bora. Wengine nao wakacheka. Tangu siku hiyo daftari sijaligusa. Niache, au nisubiri hadi nihamie mjini?
Mpenda Picha, Wenje

Usiache, mwanangu. Mjini nenda ukipata kazi au masomo, lakini usiende kutafuta ruhusa ya kupenda picha.

Hoja ya binamu yako iliyo na uzito ni ile ya mwaka, kwa hiyo tuanze nayo. Charlie Chaplin alitoa Limelight mwaka 1952. Picha hiyo haikuonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Los Angeles hadi 1972, na kanuni za tuzo za Oscar ziliangalia mwaka ambao picha imeonyeshwa mji huo. Basi mwaka 1973, zaidi ya miaka ishirini baadaye, muziki wa Limelight ukashindana na kazi mpya za wakati huo na kupewa Oscar. Ikiwa wakubwa wa Hollywood walihesabu mwaka kwa siku picha ilipowafikia, kijana wa Wenje naye ana haki ya kuhesabu kwa siku ilipomfikia yeye. Unachotakiwa ni uwazi tu. Juu ya ukurasa andika “Picha bora nilizoziona mwaka huu”, na kando ya kila jina uweke mwaka ilipotoka. Hapo hakuna atakayesema umemdanganya.

Wala usidhani wataalamu wana orodha isiyotikisika. Jarida la Uingereza, Sight and Sound, huwauliza wahakiki wa dunia kila baada ya miaka kumi picha bora kuliko zote ni ipi. Mwaka 1952 walitaja Bicycle Thieves ya Italia. Kuanzia 1962 ikatawala Citizen Kane kwa miaka mingi, 2012 ikapinduliwa na Vertigo, na 2022 ikashika nafasi ya kwanza Jeanne Dielman, picha ya mwanamke Mbelgiji, Chantal Akerman, iliyotoka 1975. Picha zenyewe hazikubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni waliokuwa wakiulizwa.

Sasa nikuambie ambalo binamu hakukuambia. Hukunieleza kwa nini ulizipenda picha zako, na nina hofu kwamba daftarini pia umeandika majina matupu. Orodha ya majina haina maisha. Kila picha iandikie sentensi tatu au nne: ni tukio gani lilikukaa kichwani, ni nani aliyeigiza ukasahau kwamba anaigiza, wapi ulichoka. Ukishafanya hivyo, utashangaa namba nne ikipanda juu na namba moja ikiporomoka.

Kuhusu DJ Afro, simdharau hata kidogo. Anawasimulia Kiswahili watu ambao wasingejua stelingi anasema nini, na kabla yake Watanzania walikuwa na Lufufu, aliyezifanya picha za Kichina na za Kihindi zikaliwe vibandani kama chakula cha nyumbani. Lakini yeye anatunga pia. Kicheko kingine ni chake, hakimo kabisa kwenye picha. Kwa hiyo ile uliyoipa nafasi ya kwanza itafute bila sauti yake, uitazame usiku peke yako. Ikibaki kukugusa, iache palepale. Ikipoa, mpe DJ sifa yake kwenye ukurasa wake mwenyewe, maana huo nao ni usanii.

Kisha, mwanangu, tazama na za kwetu. Anza na Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Inamhusu Jo, mtoto wa kike mgonjwa mahututi anayeabudu picha za mapigano, na kijiji kinachoamua kumtengenezea picha yake mwenyewe ili awe shujaa. Sijui Mkenya aliyekulia kwenye kibanda cha video anayeweza kuitazama bila kujiona mle ndani. Kwangu ni picha kubwa, na si kwa sababu inaliza. Ni kwa sababu inawaamini watu wa kijijini kuwa wana akili ya kutunga. Tazama pia The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, iliyorekodiwa Kilifi, juu ya bibi anayeitwa mchawi na watu wa ukoo wake. Kutoka Zanzibar kuna Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Na ukipata The Battle for Laikipia ya 2024, itazame pamoja na rafiki Mpokomo na rafiki Muorma. Inahusu malisho, ardhi na bunduki. Nyinyi mliosikia habari za mapigano ya Wapokomo na Waorma ya 2012 Tana Delta mtakuwa na mengi ya kusema juu yake kuliko mhakiki yeyote wa Nairobi.

Mkitaka kuwaonyesha watu picha hizi hadharani, ombeni kwanza idhini ya mwenye picha, na muiulize Bodi ya Uainishaji wa Filamu kuhusu leseni. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani inataka leseni hiyo, na watengenezaji wetu nao wanahitaji kula.

Binamu yako usimjibu kwenye grupu. Mpigie simu, umwombe naye akutumie picha zake kumi pamoja na sababu zake. Huenda ukapata mbili tatu za kutafuta mwakani, na huenda yeye akagundua kwamba hajawahi kuandika sababu hata moja.

Ukimaliza, ninakilie ukurasa wako wa mwaka huu unitumie hapa, na sababu zake zote. Nitausoma neno kwa neno.