Watoto, Mshipi na Bahari ya Brighton

Sisi wa Hayes, magharibi mwa London, bahari yetu ya karibu ni mfereji wa Grand Union, na hata huo una masharti yake: kuanzia umri wa miaka 13, huvui humo bila leseni. Baharini Uingereza leseni hiyo haidaiwi. Basi Jumamosi ya kiangazi pandeni treni ya Elizabeth pale Hayes & Harlington, badilisheni Farringdon, na treni ya Thameslink itawafikisha Brighton. Basi la mjini litawapeleka Brighton Marina, zilipo boti za kukodi pamoja na manahodha wake.

Msilipe kabla ya kuzungumza na nahodha. Muulizeni cheti cha usalama cha boti. Boti ndogo za namna hii kwa kawaida hubeba abiria wasiozidi 12. Muulizeni kama ana majaketi ya kuokolea ya kimo cha watoto, maana jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akianguka majini. Halafu muulizeni habari za maji. Aliyekulia Tanga au Lamu anajua tofauti ya bamvua na maji mafu, na huku ni vilevile: siku za bamvua mkondo una nguvu, chubwi halitulii, na mishipi ya watoto husokotana. Chagueni maji mafu.

Chagueni pia safari fupi. Saa mbili zinamtosha mtoto wa miaka saba. Siku nzima ni ya watu wazima wanaotafuta samaki wakubwa, na mtoto aliyechoshwa baharini mara ya kwanza hatataka kurudi.

Samaki wa kuanzia ni makereli, wa ukoo mmoja na vibua wetu, ambao majira ya joto husogea karibu na pwani. Si lazima wavuliwe kwa chambo. Mshipi hufungwa ndoana kadhaa zenye manyoya, na chubwi mwishoni. Unashusha, unainua fimbo taratibu, unashusha tena mpaka usikie mtikisiko. Mwombeni nahodha awapunguzie watoto ndoana zibaki mbili, na abane vijino vyake kwa koleo. Ndoana sita zikirukaruka katikati ya watoto wanaoshangilia zinaweza kuingia jichoni.

Samaki asishikwe na mtoto kabla nahodha hajamtazama. Yuko mdogo aitwaye weever, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Anayechomwa atumbukize kidole katika maji ya moto kadiri anavyostahimili bila kuungua, kama tunavyomfanyia aliyechomwa na chafi. Akinaswa samaki aitwaye bass asiyefika sentimita 42, arudishwe majini. Idadi ya bass mnaoruhusiwa kubaki nao hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nahodha ndiye wa kuulizwa.

Kichefuchefu kizuieni mapema: mkate mkavu asubuhi, dawa kutoka kwa mfamasia inayofaa umri wa mtoto, na macho yatazame upeo wa bahari, si simu. Na nahodha akiahirisha kwa sababu ya upepo, msimbembeleze.

Makereli huharibika haraka mno. Nendeni na sanduku lenye barafu, samaki aingie humo mara tu anapouawa, na mfuniko ufungwe vizuri kwa heshima ya abiria wa treni. Usiku huohuo, jikoni Hayes, mchanjeni, mpakeni ukwaju na pilipili, mumchome.