Jani la kijani limepimwa: Waislamu tusome, tusingoje kushangilia



Ndugu msomaji, katika Surat Al-Hijr, aya ya 19, Allah (S.W.) anatujulisha kuwa ameotesha ardhini kila kitu kwa kipimo. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni mauzuun, ambalo asili yake ni moja na neno letu mizani. Kadhalika katika Surat Al-An'am, aya ya 99, baada ya kutajwa mvua, mimea ya kijani na nafaka zitokazo humo, tunaamrishwa kuyatazama matunda yanapozaa na yanapoiva. Tumepewa mambo mawili, habari na amri. Habari ni kwamba mimea imepimwa. Amri ni kwamba tutazame. Habari tumeipokea kwa furaha, lakini amri tumewaachia wengine. Leo tulitazame jani moja tu, tuone hasara tunayopata.

Mchicha na limau

Kila aliyepika mchicha anajua kuwa ukiukamulia limau na kuuchemsha, ukijani wake hufifia na mboga huwa na rangi ya kahawia. Mboga hiyo hiyo ikitiwa magadi kidogo hubaki kijani. Kwa nini?

Ukijani wa mmea unatokana na umbijani, ambao wengine huuita klorofili. Molekuli moja ya umbijani wa aina ya kwanza ina atomu 137: kaboni 55, haidrojeni 72, oksijeni 5, naitrojeni 4, na magnesiamu moja tu. Atomu hiyo moja imekaa katikati, imezungukwa na zile nne za naitrojeni, mfano wa mtu aliyeshikwa na wenzake wanne. Limau ni tindikali. Tindikali huiondoa magnesiamu katika kiti chake na haidrojeni huingia mahali pake, na hapo rangi hubadilika. Magadi huizuia tindikali isifanye kazi hiyo. Basi ukijani wote tunaouona, kuanzia nyasi za uwanjani mpaka minazi ya pwani, umejengwa juu ya atomu hii moja kati ya 137.

Aliyethibitisha kuwa magnesiamu ni sehemu ya umbijani ni mkemia wa Ujerumani, Richard Willstätter, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915.

Kazi ya magnesiamu haiishii kwenye rangi. Umbijani hunasa mwanga wa jua, na nishati yake hutumika kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya ukaa. Kazi hii ndiyo inayoitwa usanisinuru. Kimeng'enya kinachoidaka hewa ya ukaa, kiitwacho rubisko, nacho hakifanyi kazi bila ya magnesiamu. Mwanga unapolipiga jani, magnesiamu husogea ndani ya seli kuelekea pale rubisko ilipo, na kimeng'enya kikaamka. Jua likizama, kazi hupungua. Hivyo magnesiamu ipo pale mwanga unaponaswa, na ipo tena pale chakula kinapotengenezwa.

Nzito na nyepesi

Sasa tuje kwenye mizani yenyewe. Magnesiamu haina uzito wa aina moja. Kila atomu yake ina protoni 12, lakini idadi ya nyutroni hutofautiana: nyingine zina 12, nyingine 13, nyingine 14. Kwa hiyo kuna magnesiamu 24, 25 na 26. Hizi ndizo isotopu zake tatu za kudumu. Katika kila atomu 100 za magnesiamu duniani, takriban 79 ni za namba 24, 10 ni za namba 25, na 11 ni za namba 26. Kikemia zote hufanya kazi ile ile. Tofauti yao ni uzito tu: ya 26 inaizidi ya 24 kwa sehemu moja ya kumi na mbili.

Je, mmea huzichukua zote sawasawa? Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, Marekani, walichapisha matokeo ya kuotesha ngano katika maji yaliyotiwa virutubisho, huku wakipima isotopu hizi. Walikuta kuwa mmea mzima ulikuwa na magnesiamu nzito kwa kiasi kilichozidi kidogo kile cha maji uliyoyanywa. Tafiti nyingine za mimea zimeonesha kuwa mizizi huelekea kubaki na nzito zaidi, na majani hupata nyepesi zaidi. Tofauti hizi ni ndogo mno. Huhesabiwa kwa sehemu za elfu moja, na huonekana kwa mashine za kupimia uzito wa atomu tu.

Mmea hauna akili ya kuchagua. Sababu ni kwamba atomu nzito hushikamana kwa nguvu kidogo zaidi pale inapopata mshiko imara, nayo nyepesi hutangulia katika safari. Kila hatua, kutoka udongoni hadi mzizini na kutoka mzizini hadi jani, huacha alama yake ndogo ya uzito. Mwanasayansi huzisoma alama hizo na kujua magnesiamu imepita wapi.

Tusiyaseme yasiyosemwa

Hapa ndipo penye hatari, ndugu zangu. Nina hakika yupo atakayesoma hadi hapa na kutaka kutoa kipeperushi kuwa Qur'an ilizitaja isotopu za magnesiamu zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Tusifanye hivyo. Aya ya Surat Al-Hijr inatufundisha kuwa Muumba ameotesha kwa kipimo. Haikutaja magnesiamu, na wafasiri wetu wakubwa waliielewa bila ya kuijua. Kukibebesha Kitabu cha Allah maana isiyokuwamo ni jambo zito. Aidha, nadharia za wanadamu hurekebishwa. Kijana aliyejengewa imani yake juu ya nadharia, ikirekebishwa nadharia naye hutikisika.

Lakini lipo kosa la pili, nalo kwetu ni kubwa zaidi. Ni tabia ya kukaa kitako tukisubiri wengine wapime, kisha sisi tupige takbira. Wahenga wetu hawakuwa hivyo. Abu Hanifa Ad-Dinawari, aliyefariki mwaka 895, aliandika kitabu kikubwa juu ya mimea. Al-Khazini, katika mji wa Marw ambao leo umo Turkmenistan, aliandika mwaka 1121 kitabu kizima kuhusu mizani, akieleza namna ya kutambua madini safi na yaliyochanganywa kwa kupima tu. Walizisoma aya hizi hizi tunazozisoma sisi, kisha wakashika mizani mkononi.

Tuanzie wapi?

Mzazi anayemwambia mwanawe kuwa baiolojia na kemia ni elimu ya dunia, hivyo haina uzito, anaigawa elimu mahali ambapo aya haikuigawa. Sisi walimu wa madrasa nasi tuna wajibu. Tukifika kwenye aya za mimea, tuwatoe watoto nje wakatazame.

Watafute mpapai au mlimau ambao majani yake ya chini yana rangi ya manjano katikati ya mishipa, huku mishipa yenyewe ikiwa bado kijani. Mara nyingi hiyo ni dalili ya upungufu wa magnesiamu, hasa katika udongo wa kichanga uliooshwa na mvua nyingi. Majani machanga hubaki kijani kwa sababu mmea ukikosa magnesiamu huitoa katika majani makongwe na kuyapelekea machanga. Mkongwe anajitoa ili mchanga akue. Mtoto akishaliona hilo kwa macho yake, mwambieni arudi kuisoma aya upya.

Nasi wakubwa tujiulize: majani haya makongwe yanawapa machanga walichonacho, je, sisi tunawaachia watoto wetu elimu gani?

Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotazama wakazingatia, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.