Imani ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Kazi Yake

Katika darasa letu tuliulizwa: je, mtu aweza kushika cheo cha serikali isiyokuwa ya Kiislamu na imani yake isipunguke? Jawabu tumeonelea tulitafute katika maisha ya marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliotawala mji ule mpaka mwaka 1837, ambao matawi yake yalihamia Gasi na Takaungu, jirani zetu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla, aliacha madhehebu ya Ibadhi ya wazee wake akafuata ya Shafii, na kwa kuisema waziwazi itikadi yake alifungwa Unguja katika zama za Sayyid Barghash. Alifariki mwaka 1894. Mtoto, basi, hakumjua baba ila kwa khabari. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akasoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokishika mpaka alipofariki mwaka 1947. Tusidanganyane juu ya cheo hicho. Waingereza walimwachia kadhi ndoa, talaka na mirathi. Mengineyo waliyashika wenyewe. Lakini Sheikh hakungoja cheo ndipo aseme. Mwaka 1930 alikwisha kutoa karatasi yake ya Al-Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi.

Imani yake ilikuwa nini? Alikuwa Shafii, wala hakuzua madhehebu mapya. Alisoma Al-Manar, jarida la Sayyid Rashid Rida wa Misri, akaona kama wao kwamba dini ni Qurani na Sunna zikifahamiwa, si ada zilizorithiwa bila kuulizwa. Kwa hiyo aliandika kwa Kiswahili, lugha ya mama zetu, kwani mtu atajiongozaje kwa asichokifahamu? Aliwahimiza Waislamu wasome elimu za kisasa, na papo hapo akawakemea walioiga mavazi na anasa za Wazungu wakaacha bidii yao. (Na sisi twaiga lililo rahisi hadi leo.)

Akakemea pia gharama za arusi na matanga, na hapa ndipo panapotuuma. Tumeona katika mji wetu mjane, eda haijesha, akikopa mchele na sukari dukani ili kuwalisha waliokuja kumpa pole. Wageni wakashiba wakaenda zao, deni likabaki kwa mayatima. Nasi tulikuwamo miongoni mwa walioshiba. Ilhali Mtume wetu (S.A.W.), ilipofika khabari ya kufa kwa Jaafar bin Abi Talib huko Mu'ta, aliamrisha watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa yamewafika ya kuwashughulisha. Sisi tumeigeuza amri hiyo juu chini, tukaiita heshima ya maiti.

Wako wanaosema kwamba Sheikh aliwavunjia watu ada zao. Twasema alipendezwa na hitima ya mtu kuliko tumbo lake. Aliyemuudhi zaidi, bila shaka, ni mwenye kulipwa kwa sinia.

Wanafunzi wake wawili, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, walikuwa Makadhi Wakuu baada ya uhuru, wa kwanza tangu 1963 na wa pili tangu 1968. Wote wawili waliandika kwa Kiswahili kama mwalimu wao.

Insha Allah, darasa lijalo baada ya sala ya Isha tutasoma mlango wa taazia. Tumekubaliana kwamba kila mtaa ulete jina la mtu mmoja atakayeshika zamu ya kuwapikia wafiwa, na daftari ya zamu hiyo itafunguliwa usiku huohuo.