Kula Migahawani New York Bila Kuvunja Bajeti

SWALI: Mimi na mume wangu tutatembelea New York. Tupangeje fedha za kula migahawani?

JIBU: Dada yangu, anzeni kwa kujua kwamba bei ya kwenye menyu siyo mtakayolipa. Huongezwa kodi ya mauzo ya asilimia 8.875, kisha bahashishi ya mhudumu, kwa kawaida asilimia 18 hadi 20. Msiibane bahashishi hiyo, kwani mhudumu huitegemea kuendesha maisha. Hivyo chakula cha dola 30 hufika karibu dola 39. Kila mnapopiga hesabu, ongezeni theluthi juu ya bei ya menyu, nanyi hamtashtuka.

Pili, kaeni mgahawani mara moja tu kwa siku, tena mchana, kwani migahawa mingi mizuri huwa nafuu wakati huo kuliko usiku. Asubuhi begeli yatosha. Jioni kuna kipande cha piza, au wali na kuku kwenye mikokoteni ya chakula cha halali. Mezani ombeni maji ya bomba: ni salama na ya bure. Na kagueni bili kabla ya kulipa. Huenda bahashishi imeshajumlishwa.